Fundi Lejeta na Joto la Kompyuta Yangu

Kibao chake kiliandikwa FUNDI LEJETA kwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na kwa miaka yote niliyomfahamu kilining'inia hatua chache kutoka mlangoni kwangu pale njia panda ya Nyakanazi. Mimi nina steshenari. Kuandika na kuchapa ndiyo kazi yangu, kwa hiyo kibao kile kilinichoma macho kila asubuhi nilipofungua duka. Siku moja nilimwambia kwa adabu kwamba neno sahihi ni rejeta, na kwamba ningemchapia kibao kipya bure. Akaniuliza kama nimewahi kuona lori lililochemka likimpita kwa sababu ya herufi. Nikasema sijaona. Akarudi kulehemu.

Tulimwita Fundi tu. Mafundi Nyakanazi ni wengi, wa matairi, wa breki, wa umeme wa magari, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, dereva anayetoka Kigali na mama anayeuza chapati wote walijua unamsema nani. Kwao ni Mabawe, kwetu ni Mugoma, kote ni Ngara, kwa hiyo tukiwa wawili tulizungumza Kihangaza. Mbele ya wateja alihamia Kiswahili cha darasani, polepole, neno moja baada ya jingine, na dereva mwenye haraka alilazimika kusubiri sentensi iishe.

Karakana yake na duka langu vilitenganishwa na bati moja. Upande wake kulikuwa na rejeta za malori zilizopangwa ukutani kama madaftari. Upande wangu kulikuwa na mashine ya kutoa nakala, karatasi, na kompyuta ambayo ndiyo iliyotukutanisha.

Kompyuta hiyo niliiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, kwa mwaka mzima. Kasha lilitoka Mwanza, mazabodi ya mtumba, ule ubao mkuu unaobeba vyote, ilitoka Kahama, na kadi ya picha aliniletea dereva mmoja akiwa ameiviringisha ndani ya blanketi. Asubuhi ilichapa barua za kuomba kazi na kadi za harusi. Wateja wakikosekana ilicheza gemu, na hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kuiunda, ingawa mama yangu kule Mugoma nilimwambia ni ya kuhariri video za kwaya. Tatizo lake lilikuwa moja. Kila kiangazi, kwenye saa nane mchana, bati likiwa limewaka, prosesa, yaani ile chipu inayofanya kazi yote, ilipanda joto mpaka nyuzi tisini na saba. Hapo mashine ilijizima, katikati ya mechi au katikati ya barua ya mtu.

Fundi aligundua kabla sijamwambia. Aliingia akijifuta mikono, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema feni yangu inalia kama ya lori lililobeba mawe. Nilimwonyesha namba kwenye kioo. Hakuiangalia. Hakuwa akiamini saa za joto za aina yoyote. Alisema ameona mara nyingi mno mshale umetulia katikati huku maji yanaruka juu ya kabini. Aliweka kiganja ubavuni mwa kasha, akakiacha pale kwa muda, halafu akatoka nje na kurudi na unyoya wa kuku.

Aliushika unyoya nyuma ya kasha, ukavutwa kuingia ndani. Akaushika mbele, ukavutwa ndani vilevile.

"Zote mbili zinavuta," akasema. "Hiyo hewa umeipangia itokee wapi?"

Nilikuwa nimefunga feni moja kinyume. Tuliigeuza, namba ikashuka kidogo, naye hakuridhika. Akataka nifungue zaidi, mpaka kwenye kile kipoza cha alumini kinachokaa juu ya prosesa yenyewe. Nilikifungua. Akakinyanyua, akakigeuza, akakiweka karibu na macho. Chini yake, mahali kinapogusana na prosesa, palikuwa na kipande chembamba cha nailoni chenye maandishi madogo ya Kiingereza.

"Hapa pameandikwa nini?"

Nilisoma kimya. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwatafsiria watu barua zao kwa Kiingereza.

"Binti, nimeuliza pameandikwa nini."

"Pameandikwa, ondoa kabla ya kufunga."

Aliibandua ile nailoni taratibu, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati. Nilidhani ananisitiri. Jioni ile ile dereva aliyekuwa akielekea Rusumo alikuja kununua kalamu moja, akaigeuzageuza, akaniuliza kama na hiyo ina nailoni ya kuondoa. Niliulizwa swali hilo kwa miezi, na watu nisiowajua, kwa lafudhi za nchi tatu.

Lakini siku ile pia ndipo nilipoona mikono yake ikifanya kazi. Nilipaka upya ile krimu ya kijivu inayopeleka joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye kipoza, naye akanizuia nisiieneze nyingi, akisema sipaki siagi kwenye mkate. Kisha alichukua bisibisi. Akakaza skrubu moja nusu mzunguko, akaruka kwenda iliyo mkabala wake kimshazari, nusu mzunguko, akarudi kwenye nyingine, hivyo hivyo, mpaka zote nne zikakaa sawa. Ndivyo wanavyofunga silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, alinieleza. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, upande wa pili unanyanyuka, na hapo ndipo joto linapokaa. Saa nane ya kesho yake prosesa ilisoma nyuzi themanini na moja. Nilipomwambia, akasema kiganja chake kilishamwambia.

Alikuwa na msemo wake kwamba joto haliuawi, linahamishwa. Aliutumia kwa rejeta, aliutumia kwa ugomvi wa majirani, na mara moja aliutumia kwenye kikao cha mazishi, wakwe walipoanza kurushiana maneno. Watu walimheshimu kwa hilo. Walewale walimwona akikimbizana na dereva kuzunguka lori lake mara tatu, akiwa na spana mkononi, kwa sababu dereva huyo alivunja yai bichi ndani ya rejeta ili kuziba tundu. Yai, kwake, lilikuwa dhambi. Linaganda, linaziba mirija, na fundi ndiye anayekuja kulikwangua. Wiki mbili baadaye nilimkuta nyuma ya karakana na pikapu ya shemeji yake iliyokuwa na safari ya haraka, kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, maganda mawili ya yai miguuni pake. Tulitazamana. Akaniambia hayo ni mayai ya dharura.

Na huyu mtu wa kupoza alikunywa chai ikiwa inatokota. Mama wa chapati alimwekea birika lake peke yake juu ya mkaa. Chai ikipoa kiasi cha mtu wa kawaida kuweza kuinywa, aliirudisha.

Gemu alizipinga kwa mwaka mzima. Alisema ni kuchosha mashine bila mzigo, kama kuwasha lori uani ili ulisikilize. Kisha siku moja mvua ilimzuia dukani kwangu, na mimi nilikuwa nimefungua gemu ya kuendesha malori, yale marefu ya Ulaya, barabara zenye mistari. Alisimama nyuma yangu. Baada ya muda alisogeza kigoda. Mwisho akaniambia nimebadilisha gia vibaya kwenye mteremko. Nikampisha kiti.

Hapo ndipo nilipojua kwamba Fundi, aliyetengeneza malori tangu ujana, hakuwa amewahi kuendesha hata moja. Hakuwa na leseni. Aliniambia mwenyewe, macho yakiwa kwenye kioo, kwa sauti ya mtu anayetaja kabila lake. Nikamfundisha kitufe cha kwenda na cha kusimama.

Aliendesha kwa namna ambayo sijaiona kwa mwingine. Hakulipita gari lolote. Kila baada ya mwendo mfupi aliegesha, akazima injini, akakaa kimya kuipumzisha, ingawa nilimweleza kwamba lori lile halichemki. Alijibu kwamba hilo ndilo linalosemwa na kila dereva anayeletwa kwake akivutwa. Madereva wa kweli walikuja kusimama mlangoni, wakimwelekeza, na yeye akiwakaripia kwamba wanaomfundisha ndio walewale wanaomletea mayai. Alichelewesha kila mzigo na gemu ilimkata alama kila safari. Hakujali. Siku aliyofaulu kurudisha tela kinyumenyume mpaka kwenye ghala, alishuka kitini, akatoka nje, akasimama kati ya malori matatu ya kweli, akayatazama.

Baada ya hapo kompyuta ikawa yake pia, na hapo ndipo balaa ilipoingia. Nyuzi themanini na moja zilianza kumkera. Alisema hewa ni ya pikipiki. Mashine yenye kazi inapozwa kwa maji. Nilijua kwamba kompyuta za kupozwa kwa maji zipo, nilishaziona kwenye video, na tamaa yangu ya namba ndogo ilikuwa kubwa kuliko yake. Alitengeneza kijisanduku cha shaba cha kukaa juu ya prosesa, akakilehemu kwa uzuri ambao hata leo nawaonyesha watu. Akaleta rejeta ndogo iliyotoka kwenye kabini ya lori, ile ya kupashia dereva joto, na pampu ndogo ya volti kumi na mbili aliyoitoa sijui wapi. Akaunganisha kwa mipira. Mpira mmoja ulikuwa mwembamba kuliko bana yake, naye akajazia nafasi kwa utepe wa tyubu ya baiskeli.

Niliuona utepe ule. Sikusema.

Tuliiwasha. Nyuzi hamsini na tatu, saa nane mchana, kiangazi. Madereva walikuja kuangalia. Kwa mara ya kwanza Fundi aliitazama namba kwenye kioo, na aliitazama kwa muda mrefu.

Wakati huo kwaya ya akina mama ya kanisani kwetu Mugoma, ambayo mama yangu ndiye kiongozi wake, ilikuwa inangoja video yao. Walikuwa wameimba kilimani, mtoni, mbele ya kanisa, na mimi nilirekodi na kuhariri. Uzinduzi ulikuwa Jumapili, wageni wamealikwa kutoka parokia za jirani. Jumamosi mchana nilianza hatua ya mwisho, ile ambayo kompyuta inasaga kila kitu kuwa video moja kwa saa kadhaa, na hakuna kazi inayopasha prosesa kama hiyo. Fundi alikuwa ameketi na chai yake. Ilipofika zaidi ya nusu, mpira ukachomoka.

Maji yalienda kila mahali. Yalipiga mazabodi, yakapiga kadi ya picha, yakapiga kadi za harusi ya mtu zilizokuwa zinakauka mezani. Kioo kikawa cheusi. Nilichomoa umeme, nikatoa diski zenye picha za kwaya na kuzikausha kwa kanga yangu, hizo zilipona. Mashine ilikufa, na Nyakanazi nzima haikuwa na nyingine ya kuifanya kazi ile kabla ya kesho.

Nilimwambia neno ambalo sikulikusudia. "Fundi, ungebaki na malori yako."

Mtu aliyemkimbiza dereva kwa ajili ya yai alisimama tu. Aliweka kikombe chini, akakusanya vifaa vyake, akatoka.

Jumapili nilipanda gari la Ngara nikiwa na diski kwenye mkoba, na njia nzima nilikuwa natunga la kumwambia mama. Nilipofika kanisani ibada ilikuwa imeshaisha na watu wamekaa kungoja uzinduzi. Mbele yao, akiwa amevaa koti ambalo sikuwahi kuliona, alisimama Fundi. Alikuwa ametangulia na gari la kwanza. Alikuwa akimalizia kueleza, kwa kile Kiswahili chake cha neno moja moja, kwamba maji aliyamwaga yeye, kwamba binti hana kosa, na kwamba anaomba radhi kwa akina mama na wageni.

Mama yangu alisimama. Mama yangu si mtu wa kupoteza shughuli. Alisema wageni wametoka mbali kuja kuangalia video, na kwa kuwa aliyeimwagia maji yupo na bila shaka aliiona, basi aisimulie.

Watu walicheka, wakidhani ni mzaha. Fundi hakucheka. Aliweka mikono nyuma, akatazama ukuta mtupu mahali ambapo picha ingekuwa, akaanza. Alikuwa ameketi kwenye kigoda changu wiki mbili nikihariri, na sikujua kwamba alikuwa anashika kila kitu. Akasema hapa wanashuka kilima, vitenge vya kijani mbele. Kwaya ikaimba wimbo huo. Akasema hapa wako mtoni, yule mama mfupi anateleza lakini hakatishi wimbo. Mama mfupi akajificha nyuma ya mwenzake. Akasema hapa sauti ya tatu inachelewa kuingia, lakini binti ameirekebisha. Sauti ya tatu ni mama yangu. Kisha akasema hapa anapita mbuzi, mweupe mwenye kamba shingoni, anasimama katikati ya kwaya, anamtazama mpigapicha, anaondoka. Mzee mmoja nyuma akanyoosha mkono na kusema mbuzi huyo ni wake. Wageni wakaomba sehemu ya mbuzi irudiwe, naye akairudia, na kwaya ikarudia wimbo.

Ilichukua karibu saa nzima. Nilikaa benchi la mwisho na diski zangu mapajani.

Wakati wa kurudi tulikaa kiti kimoja kwenye gari. Tulipita Ngara mjini. Mwisho nilimwambia kwamba ule utepe wa tyubu niliuona siku anaufunga, nikanyamaza kwa sababu na mimi nilitaka nyuzi hamsini.

"Nilikuona ukiuona," akasema.

Akalala mpaka Nyakanazi.

Mashine niliiunda tena baada ya miezi kadhaa, kwa mazabodi nyingine, kipoza kikubwa cha hewa na feni zinazoelekea upande mmoja. Safari hii niliingia kwenye mipangilio na kuipunguzia prosesa umeme kiasi. Kasi ilipungua kidogo sana hata huwezi kuitambua, na joto lilibaki nyuzi sitini na nane, mchana wa kiangazi, bila tone la maji. Nilimwita Fundi nikijivuna. Aliweka kiganja, akakiondoa. Akasema nimemtua punda mzigo halafu nashangaa hatoki jasho. Kwake huo haukuwa ufundi bali ujanja, na kwa wiki nzima alikataa kuendesha lori lake la Ulaya kwenye mashine iliyodekezwa. Video ya kwaya ilitoka siku hizo hizo. Mugoma waliipokea vizuri, lakini wapo mpaka leo wanaosema ile ya Fundi ilikuwa bora.

Mwaka uliofuata kifua kilianza kumsumbua, moshi wa lehemu wa miaka yote, na wanawe wakamrudisha Mabawe. Karakana ikachukuliwa na muuza vilainishi. Nilienda kumwona mara moja, mwaka jana, msimu wa kuvuna maharage. Bodaboda alinishusha njiani, nikapanda kwa miguu kati ya migomba, na kwa kuwa Mabawe kuna baridi nilimkuta amevaa sweta juani, anapepeta maharage na mke wake. Alikuwa amekonda. Alinikaribisha, tukala, akaniuliza habari za mama, kama sauti ya tatu bado inachelewa kuingia, na habari za barabara. Mke wake alipoenda jikoni, alisogea karibu.

"Kuna jambo nataka nikuulize," akasema, "lakini lisifike Nyakanazi."

Nikamwambia halitafika.

"Kile kitu cha ndani. Kile tulichokuwa tunapoza. Huwa kinafanya nini?"

Nilimtazama nione kama ananitania. Hakuwa akitania. Nikamweleza kadiri nilivyoweza, kwamba ni chipu, kwamba ndani yake hakuna kinachozunguka wala kuwaka, kwamba kazi yake yote ni kujumlisha na kutoa tarakimu, nyingi mno, kwa haraka mno, na kutokana na hizo ndipo zinapatikana barua, wimbo, lori na barabara yake.

"Hakivuti chochote."

"Hakivuti, Fundi."

"Kinahesabu."

"Kinahesabu tu."

Aliuweka ungo magotini. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani ni kifua, nikainuka nimshike, kumbe anacheka. Kwa miaka yote ile sikuwahi kumsikia akicheka. Alicheka mpaka maharage yakamwagika kutoka kwenye ungo, akajifuta macho kwa mkono wa sweta, akamwita mke wake kwa sauti aje asikie, kwamba mume wake, fundi mzima, alilehemu shaba, akamwaga maji, akasimama kanisani mbele ya watu, na muda wote huo alikuwa anapoza hesabu.

Mke wake akamjibu kutoka jikoni, kwa Kihangaza, neno moja ambalo sitaliandika hapa, na yeye akaanza kucheka upya.